Maswali ya Afya: Dawa ya Damu, Kitovu cha Mtoto na Aspirini ya Kila Siku

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mwanangu wa kike ana miezi 14. Wiki iliyopita kwenye kituo cha afya walimpima damu wakaniambia ni 9.2, wakanipa dawa ya maji ya kuongeza damu. Nilipofika nyumbani mavyaa wangu akanikataza nisimpe. Anasema zamani watoto wa Pemba walipewa vidonge vya chuma vya utafiti, wakazidi kuumwa, na wengine wakafa, mpaka utafiti ukasimamishwa. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona dawa hiyo bado inatolewa? (Mama wa mtoto, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam. Mavyaa wako hakuzua jambo. Amekumbuka sawasawa, nami nafurahi kwamba kumbukumbu hiyo bado ipo majumbani mwetu, kwa sababu utafiti huo wa Pemba ulibadilisha namna watoto wa nchi nyingi wanavyopewa madini ya chuma. Kilichokosekana katika habari yake ni nusu ya pili, na nusu hiyo ndiyo inayomhusu mwanao.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakiongozwa na Sunil Sazawal, walishirikiana na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Chake Chake, kuwaandikisha watoto wa Pemba wenye umri wa mwezi 1 hadi 35. Watoto waligawanywa kwa kura. Wengine walipata chuma na asidi ya foliki (aina ya vitamini), wengine wakaongezewa madini ya zinki, na wengine wakapata kidonge kinachofanana na hivyo lakini kisicho na dawa ndani yake. Mama hakujua mwanawe amepata kipi, wala aliyekipeleka nyumbani hakujua, ili pasiwepo na mtu wa kuyapindisha matokeo kwa matumaini yake au kwa hofu yake.

Wakati ule wengi walitarajia heri tupu. Upungufu wa damu ulikuwa umeenea mno kisiwani kwa sababu ya malaria, minyoo ya safura na mlo usiotosha. Isitoshe, utafiti mwingine uliofanyika Pemba hiyo hiyo na kuchapishwa mwaka 2001 ulikuwa umeonyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma kwa mwaka mmoja waliwatangulia wenzao katika kusema, na wale ambao damu yao ilikuwa chini kabisa walitangulia pia katika matumizi ya viungo vyao.

Hata hivyo, kila utafiti wa aina hii huwa na kamati huru ya usalama, ambayo kazi yake ni kuziangalia hesabu wakati kazi inaendelea. Agosti 2003 kamati hiyo iliona kwamba watoto waliokuwa wakipewa chuma na asidi ya foliki walipatwa na ugonjwa mkali wa kulazwa, au kifo, kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 12 kile cha watoto wasiopewa. Ikaamuru chuma kisitishwe. Hadi siku hiyo watoto 24,076 walikuwa wameshiriki. Naomba jambo moja lijulikane, kwa kuwa barazani huelezwa vingine: vifo vikihesabiwa peke yake, tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuweza kukataa kwamba ilitokea kwa bahati tu. Uzito wa ushahidi ulikuwa katika kuumwa sana na vifo vikihesabiwa pamoja. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, yakifuatana na ya utafiti mwenzake wa kusini mwa Nepal, mahali ambapo malaria si tatizo. Huko chuma hakikuonekana kuwadhuru watoto.

Hapo ndipo penye fumbo, na maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Kijidudu cha malaria huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu, na chuma huuchochea mwili kutengeneza chembe changa, ambazo kijidudu huzipenda. Pia chuma kinachozagaa katika damu na kile kinachobaki tumboni bila kufyonzwa ni chakula cha bakteria. Mwili wenyewe unalijua hilo, maana mtu akiwa na malaria ini humwaga homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa chuma utumboni. Kumpa chuma mtoto mwenye vijidudu vingi vya malaria, na ambaye chuma hakijampungukia, ni kumpelekea chakula adui yake.

Sasa nusu ya pili. Ndani ya utafiti ule watoto 2,413 walifuatiliwa kwa karibu zaidi, wakapimwa damu na kutibiwa malaria mapema. Miongoni mwao, wale waliokuwa na upungufu wa chuma tangu mwanzo na wakapewa dawa walipatwa na maradhi makali machache kuliko wenzao waliopewa kidonge kitupu. Kisiwa kimoja, kidonge kimoja, na majibu mawili! Mimi niliposoma shule ya udaktari tulizoea kumpa chuma kila mtoto mwenye kiganja kilichopauka, bila kuuliza kama amepimwa malaria. Sikumbuki kama kuna aliyetuambia kuwa tunahatarisha kitu.

Pemba ya leo si ile ya 2002. Mwishoni mwa 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto za malaria, vikafuata vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumba, na malaria ikashuka mno, ingawa haijatoweka na kuna misimu ambayo huinuka tena. Mapitio ya mwaka 2016 yaliyokusanya tafiti 35 zenye watoto zaidi ya 31,000 yalionyesha kwamba pale ambapo kinga na matibabu ya malaria yanapatikana, chuma hakizidishi ugonjwa huo. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba, katika maeneo yenye watoto wengi wenye upungufu wa damu, watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe miligramu 10 hadi 12.5 za chuma kila siku kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka, na penye malaria jambo hilo liende sambamba na kuikinga, kuipima na kuitibu.

Mjadala unaendelea. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa 2021, wenye watoto 3,300, ulionyesha kwamba kuwapa chuma watoto wote wa miezi 8 kuliongeza damu lakini hakukuongeza akili wala maendeleo yao. Maoni yangu ni kwamba kuwapa wote bila kupima kuna hoja dhaifu, ila kumtibu mtoto aliyepimwa na kukutwa na upungufu ni jambo jingine kabisa. Mwanao ni huyo wa pili. Kipimo chake cha 9.2 kiko chini ya mstari wa zamani wa kuhesabu upungufu wa damu, yaani 11, na chini ya ule mpya wa 10.5 uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2024 kwa umri wake.

Kwa hiyo rudi kituoni na mavyaa wako, mwende pamoja. Uliza kama mtoto alipimwa malaria siku ile, na kama bado, apimwe kwanza. Uliza pia habari ya dawa ya minyoo. Kisha mpe dawa kwa kipimo ulichoandikiwa, bila kuongeza, na chupa uifungie juu kabatini, kwa sababu mtoto akiinywa yote kwa kupenda utamu wake inaweza kumuua. Choo kitakuwa cheusi, nacho kisikutishe. Usimpe chai pamoja na chakula, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Dagaa na maini yaliyopondwa humfaa. Akipata homa, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo na uulize kama dawa ya damu isimame kwanza.

SWALI: Mke wangu amejifungua hospitali na mkunga amemwambia asipake kitu chochote kwenye kitovu cha mtoto. Mama yangu anataka kupaka mafuta ya nazi, na jirani anasema zamani watoto wa shehia yetu walipakwa dawa maalumu na watu wa utafiti. Tufuate la nani? (Baba mpya, Micheweni)

JIBU: Mfuateni mkunga. Jirani naye anasema kweli. Kati ya 2011 na 2013 watoto wachanga 36,911 wa Pemba waliingizwa katika utafiti wa klorheksidini, dawa ya kupaka inayoua vijidudu, wengine wakipakwa na wengine wakiachiwa kitovu kikavu. Ilikuwa na matumaini makubwa, kwa sababu Nepal, Bangladesh na Pakistani ilikuwa imepunguza vifo. Pemba walifariki watoto 10.5 katika kila 1,000 waliopakwa, na 11.7 katika kila 1,000 wa kitovu kikavu, tofauti ndogo isiyotosha kuthibitisha faida. Zambia nako faida haikuonekana. Hivyo mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliibakiza dawa hiyo kwa maeneo ambako watu wamezoea kupaka vitu vyenye madhara kama kinyesi cha wanyama. Kwengineko kitovu kiachwe kisafi na kikavu, nepi ikunjwe chini yake, mpaka kikatike chenyewe. Mwambie mama kwa upole kwamba mafuta yake yana kazi: amkande mjukuu miguu na mgongo. Mkiona wekundu unaotambaa tumboni, usaha au harufu mbaya, au mtoto akakataa ziwa, msingoje asubuhi.

SWALI: Nina miaka 72, sina ugonjwa wa moyo, ila kwa miaka mingi nameza aspirini ndogo kila siku kwa kinga. Kijana wangu aliyeko Uingereza ananiambia madaktari wameikataa. (Mzee wa Mji Mkongwe)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hawakuikataa kwa kila mtu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanyika Australia na Marekani kwa wazee 19,114 waliokuwa na afya kama yako. Waliomeza miligramu 100 kila siku hawakuishi muda mrefu zaidi bila ulemavu, lakini kutokwa damu kwa hatari kuliwapata asilimia 3.8 yao, na waliomeza kidonge kitupu asilimia 2.8. Kwa mtu wa umri wako asiyewahi kupata shambulio la moyo wala kiharusi, mimi sioni sababu ya kuianza. Aliyewahi kupatwa na mojawapo, au aliyewekewa kifaa cha kupanua mshipa wa moyo, habari yake ni nyingine, na kuiacha ghafla kunaweza kumdhuru. Kwa kuwa wewe umeshaizoea kwa miaka, usiiache kwa maneno ya simu. Nenda na kijitabu chako kwa daktari anayekujua, mweleze dawa zote unazomeza, hata zile za maumivu ya magoti unazonunua dukani, na umwambie wazi kama choo chako kimewahi kuwa cheusi mithili ya lami, kwani hiyo huweza kuwa dalili ya kutokwa damu tumboni.