Kumeza P2 baada ya kondomu kupasuka: je, nimeua? Na damu iliyonitoka ni hedhi?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mke wa mtu, nina mtoto wa miezi 8 niliyemzaa kwa upasuaji. Kliniki walitusisitiza tusibebe mimba nyingine haraka, tukakubaliana na mume wangu tutumie kondomu. Mwezi uliopita kondomu ilipasuka. Alfajiri mume wangu akaondoka na lori kwenda Lubumbashi, nami kulipokucha nikaenda duka la dawa nikanunua P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, nikameza bila kumwambia. Siku chache baadaye ikanitoka damu kwa siku 4, na nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza siku 11 tangu nitwaharike na hedhi yangu ya kawaida, ambayo huwa siku 6. Nikaacha kuswali. Shoga yangu ananiambia nimeua kiumbe, akanisomea na aya ya wanaoua watoto wao kwa kuogopa umasikini. Sina raha. Je, nimeua? Nimemkosea mume wangu? Na zile sala vipi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullah, dada yangu. Alhamdulillah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Hukuua. Nalitanguliza hilo kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi.

Aya aliyokusomea shoga yako ni ya 31 katika Suratul Israa, na inahusu watoto. Waarabu wa zama za ujinga walikuwa wakizika watoto waliokwisha zaliwa, wanaolia na kupumua. Aliyezuia mimba isitunge hakuingia humo. Masahaba wenyewe walikuwa wakifanya azl, yaani mume kumwaga nje. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesema walikuwa wakifanya azl na huku Qur'ani inateremka, Bukhari na Muslim wameipokea. Ni kweli ipo Hadithi ya Judama katika Sahihi Muslim inayoita azl "kuzika kwa siri", na wanaokataza huishikilia hiyo. Lakini wanazuoni wengi wameichukulia kuwa ni karaha, si haramu, ili isigongane na hiyo ya Jabir.

Sasa, je, P2 ni azl au ni kutoa mimba? Hapa lazima tujue dawa inafanya nini, maana fatwa bila kuijua dawa ni kubahatisha. Vidonge hivi ni homoni ya levonojestreli, miligramu 1.5 kwa jumla. Mbegu ya mwanamume inaweza kukaa hai ndani ya mwanamke hadi siku 5 ikisubiri yai. Kidonge kinalizuia au kulichelewesha yai lisitoke, mbegu zinakufa zikingoja. Ndiyo maana hutakiwa kimezwe mapema, ndani ya saa 72, na kila saa inayopita nguvu yake hupungua. Yai likiwa limeshatoka, hakina la kufanya. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba dawa hizi hazitoi mimba, na mwanamke akiwa tayari ana mimba, hazimdhuru aliyemo tumboni.

Imamu Ghazali, wa madhehebu yetu haya ya Shafi, aliyefariki mwaka 505 Hijria, alilitenga jambo hili vizuri katika kitabu chake Ihyaa. Alisema azl si sawa na kuharibu mimba wala kuzika mtoto, kwa sababu hizo mbili ni jinai juu ya kitu kilichokwisha kuwepo, na daraja ya kwanza ya kuwepo ni maji ya mwanamume kuchanganyika na ya mwanamke na kuwa tayari kupokea uhai. Wewe umeyazuia yasikutane. Kwa hiyo swali lako liko katika mlango wa azl. Wapo wanaosema huenda kidonge kikazuia yai lililokwisha rutubishwa lisishike kwenye kizazi, na zamani hata baadhi ya karatasi za dawa ziliandika hivyo. Shaka hiyo haitoshi kukuhukumu wewe kuwa muuaji.

Kuhusu mume wako. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwezi Desemba 1988, lilijuzisha kuzuia mimba kwa muda ili kupanga nafasi, kwa sharti wanandoa washauriane na kuridhiana na pasiwe na madhara. Nyinyi mlisharidhiana. Kondomu mliivaa ya nini? P2 imeziba tundu la makubaliano yenu, haikuyavunja. Kosa la kumdhulumu silioni. Lakini kumficha, hapana, silipendi. Akikiona kijiboksi kwenye droo siku moja, na yeye hulala safarini wiki nzima, shetani atakuwa na kazi nyepesi. Mwambie. Angalia Suratul Baqara aya ya 233: hata kumwachisha mtoto ziwa Mwenyezi Mungu amekutaja "kwa kuridhiana na kushauriana". Na akirudi mwende pamoja kliniki mkachague njia ya muda mrefu kidogo, maana P2 ni ya dharura na hushindwa mara nyingi zaidi kuliko njia za kila siku. Unayenyonyesha hukatazwi kuitumia, ila waambie wahudumu kama unatumia dawa za kifua kikuu, kwani baadhi yake huipunguza nguvu.

Sasa sala, na hapa ndipo unapodaiwa. Kwetu Mashafi, twahara kati ya hedhi mbili haipungui siku 15. Damu yako ilikuja ukiwa umetimiza siku 11 tu, ikaenda siku ya 12, 13, 14 na 15, ikakatika. Zote nne zimo ndani ya muda wa twahara, basi hiyo ni istihadha, yaani damu inayotoka nje ya hedhi, si hedhi, hata kama rangi yake ilifanana. Ingeendelea kuanzia siku ya 16 kwa mchana na usiku mzima, hapo tungeihesabu hedhi. P2 inajulikana kwa kuvuruga tarehe hivi, damu ikaja mapema au ikachelewa. Mwenye istihadha huswali: anajisafisha, anaweka pedi, anatawadha kila wakati wa fardhi unapoingia, anaswali bila kukawia. Hata mumewe ni halali kwake.

Uliziacha kwa kudhani, dhambi huna, lakini kadha, yaani kuzilipa, ipo. Siku 4 ni sala 20. Kila ukimaliza fardhi ya wakati, ongeza moja ya kadha. Kwa siku 4 umemaliza. Kuna akina dada wengi wanaomeza vidonge hivi na kupoteza sala za siku nzima bila kujua, na wanaume tunaosimama mimbarini hatuwaambii, tunaona haya.

Hedhi yako inayofuata ikichelewa zaidi ya wiki moja, pima mimba. Ikiwa ipo, basi iliandikwa iwepo, na hapo kuitoa ni mlango mwingine kabisa; usiuguse, nenda kliniki ukawaambie una kovu la upasuaji.

Wallahu a'lam.