Twiga mfupi wa Murchison Falls ni spishi nyingine?

SWALI: Mwalimu, salamu. Hapa stage ya boda tumebishana sana juu ya yule twiga mfupi aliyeonekana hifadhi ya Murchison Falls hapa Uganda 2015, shingo ndefu, miguu mifupi. Mwenzangu anasema jeni zikibadilika mnyama anakuwa spishi nyingine, mimi nakataa. Nani yuko sawa?
Msomaji, Masindi

JIBU: Uko sawa, ila mwenzako naye si wa kuchekwa. Huyo twiga watafiti walimwita Gimli, urefu wake kama mita 2.8 tu, wakati twiga wazima wanapita mita 4. Tuseme kweli ni mutesheni, yaani badiliko kwenye jeni. Bado ni twiga! Kila mtoto wa binadamu anazaliwa na mutesheni mpya kama 60 hivi ambazo wazazi hawakuwa nazo, sasa ingekuwa kila moja inaleta spishi, si kila mama angetoka wodini na spishi yake?

Spishi ni habari ya kundi, sio ya mnyama mmoja. Mwanabiolojia Ernst Mayr mwaka 1942 alisema ni viumbe wanaozaana wao kwa wao na hawachanganyi na wengine. Mutesheni inakuwa na maana hapo pale inapogusa nani anazaa na nani.

Angalia nkejje wetu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, lile ziwa lilikauka, likajaa tena kama miaka 15,000 iliyopita na leo lina aina kama 500 za hao samaki. Upande wa Mwanza kuna wawili ndugu, madume ya bluu wanakaa juu, madume mekundu (hao wamepewa jina la Nyerere) wanakaa chini zaidi, na jeni za macho yao zinatofautiana, wa chini wanaona nyekundu vizuri, na jike anachagua dume kwa rangi basi hawachanganyi. Lakini maji yakiwa machafu rangi hazionekani na wanazaana tu, na ule mpaka kati ya spishi hizo mbili unapotea.

Tena 2016 watafiti walipima jeni za twiga wa Afrika wakasema ni spishi nne. Porini hizo nne karibu hazichanganyi kabisa, kwenye zuu zinazaana, sasa Mayr tumweke wapi? Mimi naenda na porini, maana ukifungia wanyama wawili kwenye ua mmoja hujui wangechagua nani wakiwa huru.