Maswali na majibu: Mume wangu kapangiwa ubalozi wa Washington, mimi ni muuguzi

SWALI: Shikamoo Mzee. Mume wangu ni mhasibu serikalini, amepangiwa kituo kwenye ubalozi wetu Washington, upande wa fedha na utawala. Mimi ni muuguzi, nina miaka kumi na miwili wodini, na sitaki kukaa miaka yote ile nyumbani nikiangalia televisheni. Nitaruhusiwa kufanya kazi? Tunaishi na mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 16, na binti wa kazi tuliyezoeana naye sana. Wanaweza kuja wote? Na hii kinga ya kidiplomasia inatuhusu sote au ni ya mume tu? Mwisho, tubebe nini? (Mama wawili, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni.

Nimefanya kazi za utawala na itifaki kwenye balozi zetu mpaka nikastaafu, na karibu kila familia niliyoipokea uwanja wa ndege ilishuka na swali kama lako. Jambo la kwanza kulijua ni kwamba kule hakuna "familia ya ubalozini" kwa jumla jumla. Kuna majina kwenye karatasi. Mkifika, ubalozi unaiandikia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani barua ya aina ya pekee: haina "mimi" wala "sisi", inaanza kwa "Ubalozi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania unatoa salamu zake", na inaishia kwa muhuri na herufi mbili za kalamu, bila jina la mtu. Ndani yake imeandikwa nani kafika, kwa cheo gani, na nani anaishi naye. Asiyeandikwa mle, kwa wenyeji hayupo. Aliyeandikwa anapata kile cha daraja lake, hapati cha jirani yake.

Nianze na kinga, maana hapo ndipo watu wanapodanganyana. Sheria mama ni Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kidiplomasia wa mwaka 1961. Balozi, mshauri na makatibu wa ubalozi wana kinga kamili dhidi ya mashtaka ya jinai, na karibu kamili kwenye kesi za madai. Mhasibu kwa kawaida huandikwa kwenye kundi la watumishi wa utawala na ufundi, kama mumeo akiandikwa hivyo, na kundi hilo liko ibara ya 37. Kwenye jinai analindwa sawa na wanadiplomasia, hakamatwi wala hashtakiwi. Kwenye madai analindwa kwa yale tu aliyoyatenda akiwa kazini. Akigonga gari la mtu akitoka sokoni Jumamosi, mwenye gari anaweza kumpeleka mahakamani. Wewe mke unayo ile ya jinai kwa sababu unaishi kwenye kaya yake, lakini kwenye madai huna kitu, kwa kuwa huna kazi ya ubalozi unayoifanya. Hata namba ya gari lenu itasema hivyo: wanadiplomasia wanapewa zenye herufi D, watumishi wa kundi la mumeo zenye herufi S. Askari wa Washington wanazijua kuliko mnavyodhani.

Halafu kinga yenyewe si mali yenu. Ni ya Serikali, na Serikali inaweza kuivua bila kukuulizeni. Januari 1997 mtu wa pili kwa cheo kwenye ubalozi wa Georgia pale Washington, akiwa amelewa, alisababisha ajali karibu na Dupont Circle na msichana wa miaka 16 akafa. Rais wa nchi hiyo, Eduard Shevardnadze, akamvua kinga, akashtakiwa kama mtu yeyote na kufungwa. Mkataba huohuo, ibara ya 41, unasema wazi kwamba wenye kinga wana wajibu wa kuheshimu sheria za nchi walipo. Mambo ya "mimi sikamatwi" yaacheni hapohapo Dodoma.

Sasa kazi yako. Ndiyo, inawezekana, ila visa yako ya kidiplomasia peke yake haikuruhusu. Utaratibu wao ni huu: ubalozi unajaza fomu iitwayo I-566 kukuombea, inapitia Wizara yao ya Mambo ya Nje, kisha inakwenda idara ya uhamiaji ikiambatana na ombi la kibali cha kazi, ndipo unapewa kadi. Msingi wa yote ni nipe nikupe: nchi inayowaruhusu wenza wa Wamarekani kufanya kazi kwake, wenza wa watu wake nao wanaruhusiwa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mkuu wa utawala wa ubalozi, tena kabla hamjapanda ndege, ni moja: mwenza wa mwisho aliyeombewa alipata, na ilichukua muda gani? Ukipata, ujue mshahara wako utakatwa kodi kama wa Mmarekani, na kwa mambo ya kazi hiyo unashtakiwa kama muuguzi mwingine yeyote. Kata bima ya taaluma.

Lakini kwa muuguzi, kibali cha kazi si kizingiti kikubwa. Kikubwa ni leseni. Vyeti vyako vitahakikiwa, kisha utafanya mtihani wa NCLEX, na leseni hutolewa na jimbo. Mji wa Washington una bodi yake, Maryland ina yake, Virginia ina yake, na watu wengi wa balozi hufanya kazi mjini wakalala Maryland au Virginia. Chagua mapema. Anza leo hapo Tanga kuomba nakala za matokeo yako ya chuo na barua ya baraza la wauguzi, kwa sababu kuzifuatilia kutoka ng'ambo ya bahari ni mateso. Nilimwona mke wa mwenzangu, mkunga hodari kabisa, akimaliza mwaka wa kwanza wote akisubiri bahasha moja kutoka chuoni. Muda huo akawa ndiye mpishi wa ubalozi. Tarehe 26 Aprili ikikaribia, Siku ya Muungano, unamkuta usiku jikoni na masufuria ya kuazima, pilau ya wageni mia mbili, anachambua binzari nyembamba kwenye sinia. Hakuna aliyemlipa. Nakwambia ili usishangae watakapokuja kukugongea.

Kuhusu mtoto wa dada yako. Kwetu huyo ni mwanao na hakuna mjadala. Kwao, mtoto wa kumzaa asiyeoa wala kuolewa anakubalika hadi miaka 21, au 23 akiwa anasoma muda wote. Ndugu mwingine anakubalika kwa masharti: awe wa damu, wa ndoa au wa kuasiliwa, awe anaishi kwenu siku zote, siyo mgeni, asiwe wa kaya nyingine, na la muhimu kuliko yote, Serikali yetu yenyewe iwe inamtambua kama mwanafamilia, yaani inampa pasipoti ya aina mnayopewa ninyi na kumlipia tiketi. Ubalozi wa Marekani hautatambua kitu ambacho mwajiri wa mumeo hakukitambua. Kwa hiyo nendeni mahakamani mkachukue amri ya ulezi au ya kuasili, mumeo aipeleke kwa ofisa utumishi na jina la kijana liingie kwenye faili lake kabla ya barua ya uhamisho kukamilika. Mkisema "tutamfuatilia tukishafika", mtakuwa mnamfuatilia mpaka amalize kidato cha sita.

Binti wa kazi ndiye anayenipa wasiwasi, na hapa nitakaa kidogo. Ipo visa ya watumishi wa nyumbani wa watu wa balozi, inaitwa A-3. Ili aipate lazima uwepo mkataba wa maandishi kwa Kiingereza na kwa lugha anayoielewa, unaotaja saa za kazi, siku za mapumziko, mshahara, na kwamba pasipoti yake ataishika mwenyewe. Tiketi ya kwenda na kurudi ni juu yenu. Mshahara hauwezi kupungua kiwango cha chini cha pale, na pale mjini kiwango hicho kimeshapita dola 17 kwa saa. Piga hesabu: saa 40 kwa wiki ni karibu dola 700, yaani kama dola 3,000 kwa mwezi. Chakula na malazi hamkati humo. Na malipo yapitie benki au hundi, yaonekane. Kwa mtumishi wa ngazi ya mumeo, ofisa wa visa atataka kwanza kuona hizo fedha zitatoka wapi.

Wengi wakifika hapa hujibu, "Kwani nani atajua? Yeye ni kama mdogo wetu." Mwaka 2008 mahakama ya shirikisho hapohapo Washington iliamuru ofisa mmoja wa ubalozi wetu na mkewe wamlipe binti waliyemtoa Tanzania zaidi ya dola milioni moja. Binti alieleza kwamba alifanya kazi miaka minne bila mshahara. Suala hilo halikuishia kwa familia ile, liligeuka mzigo wa nchi. Tena mwaka huohuo Marekani ikatunga sheria inayoruhusu kusimamisha visa hizi kwa ubalozi mzima, si kwa mwajiri aliyekosa tu. Uingereza nako Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2022 kwamba kumtumikisha mtu kitumwa ni biashara ya faida, na kwa hiyo mwanadiplomasia haruhusiwi kujificha nyuma ya kinga. Kwa mshahara wa mhasibu na posho yake ya utumishi wa nje, sioni mtakavyomlipa huyo binti kihalali. Mlipieni mafunzo ya ushonaji au hoteli hapo Tanga, muagane vizuri.

Mambo madogo madogo. Nyumba: wapo wenye nyumba wanaoogopa watu wa balozi, wakidhani hawadaiki. Mkipata, hakikisheni mkataba una kipengele cha kuuvunja endapo mumeo atarudishwa nyumbani ghafla, la sivyo kodi ya miezi iliyobaki ni yenu. Kodi ya manunuzi: huenda mkapewa kadi ya msamaha. Kadi hizo zina picha za wanyama, bundi na nyati ni za ofisi, tai na kulungu ni za mtu binafsi. Tai anasamehe kila bidhaa inayohusika, kulungu ana mipaka yake iliyoandikwa palepale kwenye kadi. Mafuta ya gari hayamo. Na msichanganye ya ofisi na yenu; mumeo ni mhasibu, wakaguzi wa CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, wanafika hata huko.

Mizigo. Kundi la mumeo linasamehewa ushuru kwa vitu vya kuanzia maisha tu, mara moja, mnapohamia. Gari au friji mtakayoagiza mwaka wa pili hesabu yake ni nyingine, kwa hiyo panga kontena kwa makini. Na tofauti na mabegi ya mwanadiplomasia, ambayo hayafunguliwi mpaka pawe na sababu nzito, mabegi yenu yanaweza kufunguliwa. Mimi nilianza kazi hii nikiwa mtumishi wa masijala. Kituo changu cha kwanza, ofisa forodha alichomoa mbuzi ya nazi kwenye begi la mke wangu, akaikunjua, akapapasa yale meno, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao. Nikalazimika kuikalia palepale sakafuni, na suti yangu mpya, nikawaonyesha nazi inavyokunwa. Walicheka, wakaturuhusu. Dagaa walibaki nao.

Chukua mbuzi yako, lakini iweke kwenye kontena.