Divai ya Kana: muujiza au ishara?

Ndugu muulizaji, umeuliza kwa nini Yesu aanze kwa kugeuza maji kuwa divai arusini huko Kana, kijiji cha Galilaya, jambo ambalo halikumponya mtu yeyote, na kama kutafuta maana ya ndani ni kukana kwamba tukio lilitokea. Nianze na hili la pili: sivyo, kwa kuwa Yohana mwenyewe, anayesimulia tukio hilo kama lililotokea kweli, analiita ishara, na ishara huelekeza macho kwenye jambo lililo kubwa kuliko yenyewe.

Kuhusu swali lako la kwanza, soma tena Yohana 2:6 polepole. Mabalasi, yaani mitungi mikubwa ya maji, yalikuwa sita, ya mawe, yamewekwa kwa desturi ya Wayahudi ya kutawadha, na kila moja lilichukua nzio (kipimo cha kale) mbili au tatu, yaani yote kwa jumla lita zipatazo 500 hadi 700, kiasi kinachopita mno haja ya arusi ya kijijini. Wingi huo ndio ufunguo, maana Amosi 9:13 ilikwisha kutabiri siku ambazo milima itadondosha divai, na Isaya 25:6 inaeleza karamu ya Bwana kwa mataifa yote. Maji ya utakaso yanakuwa kinywaji cha karamu hiyo. (Wapo wanaosema mabalasi sita ni saba, namba ya ukamilifu, iliyopungua moja; mimi sioni kwamba Yohana anadai hivyo.)

Ukimaliza, linganisha na Yohana 4:46–54, ambapo ishara ya pili inatolewa Kana hiyo hiyo, na safari hii mgonjwa anapona.