Mnaoanza kazi kliniki Mombasa, muulizeni mgonjwa aliishi karibu na mto gani

Wadogo zangu mnaoingia kliniki sahii, wengine Likoni wengine Changamwe, kuna ugonjwa nataka muuweke akilini mapema manake kwa hapa kwetu ni rahisi kuupita. Ni upofu wa mtoni, ule wenzetu wa Tanzania wanauita usubi. Mtaniambia Mombasa haupo, na ni kweli, yule nzi mdogo mweusi anayeueneza huzaliana kwenye mito ya maji ya kasi na sisi hapa tuna bahari. Hata magharibi mwa Kenya ulikokuwepo zamani, nzi wake walimalizwa miaka ya 1940 na 1950 kwa kutia DDT mitoni.

Lakini huu ni mji wa bandari jamani. Kuna watu wamekulia Muheza kule milimani Tanga, kuna waliotoka Mahenge kule Morogoro wakaja kutafuta kazi, kuna wa Congo na Sudan Kusini, na mtu aliyeumwa na hao nzi miaka mingi huja na minyoo mwilini, minyoo mikubwa inaishi hata miaka 10 hadi 15. Kwa hivyo swali la "unakaa wapi" halitoshi, uliza alikaa wapi kabla, na kama palikuwa na mto.

Nalisisitiza kwa sababu ya matende. Pwani tumezoea kampeni za matende na mabusha, zilianza Kilifi 2002, na dawa tulizozizoea ni DEC pamoja na albendazoli. Sasa DEC ukimpa mtu mwenye usubi inaua vile vijinyoo vidogo vinavyozaliwa na minyoo mikubwa kwa wingi kwa mpigo mmoja, mwili unachachamaa, anawashwa vibaya, homa, presha inaweza kushuka, na mbaya zaidi ni jicho, linaweza kuharibika kuliko lilivyokuwa. Ndio maana Tanzania kwenye matende wanatumia ivermektini na albendazoli, si DEC. Ukiwa na shaka yoyote usitoe, mpigie daktari wako kwanza.

Mtazame ngozi pia. Kuwashwa kusikoisha, miundi yenye madoadoa meupe ya chui, uvimbe mgumu chini ya ngozi nyongani au mbavuni ambao haumuumi. Kliniki nyingi mtu kama huyu hupewa dawa ya upele anarudi tena na tena, inaniuma sana hiyo. Kuthibitisha, hukatwa kijipande kidogo sana cha ngozi kikawekwa kwenye maji ya chumvi na kutazamwa kwa maikroskopu.

Dawa yenyewe ni ivermektini, ile Mectizan ambayo Merck wanaitoa bure tangu 1987. Kwenye kampeni hupimwa urefu, vidonge 1 mpaka 4, mtoto chini ya sentimita 90 hapewi, mjamzito hapewi, wala aliyejifungua wiki hiyo. Mweleze mgonjwa vizuri kwamba inaua vijinyoo vidogo na kumzuia mnyoo jike asizae kwa miezi kadhaa, mkubwa mwenyewe habanduki, kwa hivyo ni kila mwaka au mara mbili kwa mwaka, miaka na miaka. Asipoelewa hapo ataacha akishapata nafuu ya kuwashwa. Na jicho lililokwisha kupofuka halirudi, usimpe tumaini la uongo. Doksisaiklini ya wiki 4 hadi 6 hudhoofisha mnyoo mkubwa, ila hiyo ni ya daktari kuamua. Aliyetoka misitu ya Afrika ya Kati mchunguzeni loa, aina nyingine ya minyoo, kwanza kabla ya ivermektini, vijinyoo vyake vikiwa vingi kwenye damu anaweza kuzimia, hata ubongo kuathirika.

Tena ile ivermektini ya mifugo ya madukani asiiguse.

Akisema anarudi kwao, neti haitamsaidia sana maana nzi hawa huuma mchana, avae mikono mirefu na suruali akiwa karibu na mto, na wagawaji vidonge wakipita kijijini ameze na watu wa nyumbani kwake wote wanaoruhusiwa.