Re: RAM mpya haiingii kwenye kompyuta ya zamani

Habari mkuu. Umesema mashine yako yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 2 inaganda ukifungua kurasa tatu tu, na RAM ya GB 4 uliyonunua hapo Moshi mjini imegoma kuingia. Usiilazimishe! DDR2 na DDR3 (vizazi viwili vya RAM) za kompyuta ya mezani zote zina pini 240, ila ule mkato wa chini haukai sehemu moja. Chomoa umeme, toa ya zamani, soma lebo: PC2 ni DDR2, PC3 ni DDR3. Cheki pia Windows yako; kama ni ya biti 32, hata ukijaza GB 8 haitatumia zaidi ya GB 4.

Yangu, hapa Majengo, baada ya kubadilisha ilipiga milio tu, kioo cheusi. Kumbe vumbi. Nilisugua pini kwa kifutio cha penseli, nikabonyeza mpaka vibanio vikalia "ta!", ikawaka.