Nani Kasema Huyu Ana Wazimu? Kwa Mnaoanza Utafiti wa Fasihi ya Wanawake na Afya ya Akili

Wadogo zangu, kila mwaka ukifika msimu wa kuchagua mada za utafiti, huwa nafuatwa hapa chuoni Nyegezi, Mwanza, na wanafunzi wawili watatu wenye kichwa kile kile: usawiri wa afya ya akili katika kazi za waandishi wanawake. Mada ni nzuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na sura ya nne ya tasnifu, ile ya uchambuzi, ambayo naijua hata kabla haijaandikwa. Ina vichwa vidogo: sonona (ile huzuni nzito isiyoisha), wasiwasi, msongo wa mawazo, kujiua. Chini ya kila kichwa kuna mhusika mmoja, nukuu moja, na aya inayoanza na "Hii inaonesha kwamba". Ukimaliza kuisoma unajua nani anaumwa nini. Riwaya yenyewe hujaiona.

Kupima ugonjwa ni kazi ya daktari, na daktari hupima mtu anayejibu maswali. Mhusika hajibu. Yeye ni maneno aliyopangiwa na mwandishi, na nje ya kurasa zile hana dalili nyingine. Kwa hiyo acheni swali la "ana ugonjwa gani", mshike hili: katika kisa hiki, ni nani mwenye mamlaka ya kusema fulani ni mgonjwa, na mwandishi anatutaka tumwamini au tumtilie shaka? Nimesahihisha rasimu za kutosha kuona kwamba swali hilo linaweza kubeba tasnifu nzima.

Lisikieni kwanza mtaani. Kaa mwaloni Kirumba, soko letu la samaki, na kina mama wa dagaa, haipiti muda itatajwa habari ya mwenzao aliyeacha biashara ghafla, anashinda ndani, hali wala halali. Mmoja atasema karogwa na wa meza ya jirani. Mwingine atasema ana mapepo, apelekwe kwenye maombi. Shemeji yake anasema ni uvivu, arudishwe kwao. Binti yake anayesomea uuguzi anasema hiyo ni sonona, aende hospitali ya Bugando. Mama ni yule yule, na kila jina analopewa lina nauli yake na mahali linapompeleka. Yeye mwenyewe hajaulizwa. Sasa chukueni masikio hayo hayo mwende nayo kwenye vitabu.

Anzeni na hadithi fupi ya Charlotte Perkins Gilman, "The Yellow Wallpaper", iliyotoka Marekani mwaka 1892. Inasomeka jioni moja, na kwa maoni yangu inafundisha kuliko utangulizi wowote wa nadharia. Mwanamke amejifungua karibuni. Mumewe, John, ni daktari, na John kaamua kwamba mkewe hana ugonjwa wa maana, anahitaji kupumzika tu. Anamweka chumba cha juu chenye nondo madirishani na kitanda kilichopigiliwa misumari sakafuni, na hapendi kumwona akiandika. Hadithi yote ni daftari ambalo mwanamke huyo analiandika kwa kificho. Tazameni pale anapoandika kwamba John anakuja, hana budi kuliweka pembeni: maandishi yanakatika palepale. Hakuna aliyetueleza mamlaka ya mume, tumeyaona yakikata sentensi. Mwanafunzi akinukuu mwisho wa hadithi, mwanamke anapotambaa chumbani, halafu akaandika "hapa amepata wazimu" na kuweka nukta, amechukua upande wa John bila kujijua. Gilman mwenyewe aliwahi kutibiwa na Silas Weir Mitchell, daktari aliyevuma kwa tiba ya mapumziko, akaambiwa aishi maisha ya nyumbani na asishike tena kalamu maishani. Mwaka 1913 alichapisha maelezo ya kwa nini aliiandika hadithi ile.

Kutoka hapo njooni Afrika. Katika riwaya ya Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe (1988), Nyasha, binti wa mwalimu mkuu, anakataa chakula, akilazimishwa anakwenda kukitapika, na usiku mmoja anakirarua kitabu cha historia kwa meno. Anapopelekwa kwa daktari wa akili, Mzungu, anaambiwa Mwafrika hawezi kuumwa hivyo, binti anajifanya. Kaeni na ukurasa huo. John alimnyima mkewe jina la ugonjwa kwa kuwa ni mke. Hapa Nyasha ananyimwa kwa kuwa ni mweusi. Wengi mkifika hapo mnaridhika, mnamsahau msimulizi. Msimulizi ni Tambu, binamu yake, anayesomeshwa na baba huyo huyo wa Nyasha. Mtu anayekula kwa mkono wa mzee ana sababu za kutokuona mambo fulani mezani pake. Tafuteni anachokiruka.

Kigumu kuliko vyote, na ninachokipenda kuliko vyote, ni riwaya ya A Question of Power ya Bessie Head (1973). Elizabeth ametoka Afrika Kusini na mwanawe, anaishi kijiji cha Motabeng, Botswana. Usiku wanamjia Sello, Medusa na Dan, wanazungumza, wanamdhalilisha. Mwandishi haandiki "alidhani anaona". Hakuna alama inayomtenga mgeni wa kweli na mgeni wa kichwani. Wote wamesimuliwa kwa uzito mmoja. Wanafunzi hunilalamikia kwamba kitabu kinachanganya. Ndiyo, kinachanganya kwa makusudi, maana msomaji ananyang'anywa kile kiti cha daktari alichokwisha kukizoea. Halafu kunakucha, Elizabeth anakwenda kwenye bustani ya ushirika na mwanamke anayeitwa Kenosi. Wanapanda mboga, wanavuna vitunda vya njano vya kupikia jamu, wanauza. Kenosi hana maneno mengi na hamwekei mwenzake jina lolote. Anataka wafanye kazi pamoja. Mimi naona kurasa za bustani zina uzito kuliko kurasa zote za hospitali mle ndani. Wengi mnakimbilia za usiku kwa sababu ndiko kwenye vituko.

Sasa mtego. Bessie Head alizaliwa mwaka 1937 Pietermaritzburg, mama yake akiwa amewekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na yeye mwenyewe baadaye alilazwa katika hospitali ya namna hiyo Botswana. Sylvia Plath, mwandishi wa Marekani, alijiua Februari 1963, majuma machache baada ya riwaya yake The Bell Jar kuchapishwa kwa jina la bandia. Ukishayajua haya mkono unawasha kuandika kwamba riwaya ni maisha yao. Wekeni wasifu huo sura ya kwanza, aya moja, mfunge. Riwaya ikishageuzwa faili la mgonjwa, mwandishi anaonekana kama alimwaga tu yaliyomjaa kifuani. Kana kwamba hakuchagua neno, hakupanga sura, hakufuta kitu. Mwanamume akiandika kuhusu wazimu tunamwita mwanafalsafa, mwanamke akiandika tunauliza aliugua lini. Ukihitaji mfano wa kukutoa mtegoni, soma Mrs Dalloway ya Virginia Woolf (1925). Woolf aliyajua maradhi haya mwilini mwake, lakini anayeugua kwenye riwaya ni Septimus, askari aliyerudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, na kejeli kali kuliko zote zimewaangukia madaktari wake wawili, Holmes na Bradshaw.

Mtaniuliza, na huku kwetu ziwani? Grace Ogot, mzaliwa wa Nyanza upande wa Kenya, alisomea uuguzi na ukunga kabla hajajulikana kwa uandishi. Katika riwaya yake The Promised Land (1966), Ochola na mkewe Nyapol wanahama Nyanza kuja Tanganyika kutafuta ardhi. Nyapol hakutaka kuhama. Jirani mwenye wivu, ambaye ni mganga, anamfanyia Ochola jambo, na mwili wake unaota vinundu kama miiba. Hospitali inashindwa. Hii si riwaya ya afya ya akili, msiilazimishe iwe. Lakini muuguzi huyu anauandika uchawi bila kuucheka na bila kuuhubiri, na ukitaka kueleza vizuri jirani zako wanaosema "karogwa", hutapata mwalimu bora zaidi.

Mwingine ni mwanamume, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, na ninamtaja ili mpate cha kulinganishia. Rosa wa Rosa Mistika (1971) anatoka Namagondo, anasoma sekondari hapa Mwanza, baba yake ni mlevi na mkali, na mwisho anajiua. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Kezilahabi anamhurumia Rosa, hilo halina shaka, hata anamfikisha mbele za Mungu akajieleze. Ila chukueni penseli mhesabu: kurasa ngapi tumo ndani ya kichwa cha Rosa, na ngapi tunamtazama kwa nje pamoja na wanaume wanaomtazama? Na mkifika kwenye kifo chake msiandike sababu moja, kwa kuwa riwaya haikuandika moja. Kumbukeni pia kwamba kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Wahusika wanaowaza kufa bila kumwambia mtu hawaogopi kuchekwa peke yake, wanaiogopa na sheria.

Walio idara ya Kiswahili, msipekue kazi za wanawake wetu mkitafuta maneno "afya ya akili". Hamtayakuta. Katika tamthiliya ya Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982), wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo, na kila mmoja ana lake nyumbani linalomrudisha nyuma. Tamthiliya ya Mama Ee ya Ari Katini Mwachofi (1987) imejaa ndoa zinazoumiza. Hakuna daktari anayeingia jukwaani, lakini kuna uchovu, kuna ukimya, kuna mtu anayeongea na hajibiwi. Kwenye tamthiliya angalieni maelekezo ya jukwaani kwa makini kama mnavyoangalia mazungumzo.

Kuhusu nadharia sina mengi. Kitabu cha Sandra Gilbert na Susan Gubar, The Madwoman in the Attic (1979), mtakitumia tu, kila mtu anakitumia. Jueni kwamba kinahusu waandishi wanawake wa karne ya 19 wa Uingereza na Marekani. Ukikibandika kwa Kenosi na bustani yake bila kukirekebisha, msimamizi makini atakuuliza, na atakuwa na haki.

Wapo wanaotaka kwenda Bugando kuhoji wagonjwa ili kazi iwe na uzito. Acheni. Data yenu ni matini, yaani vitabu vyenyewe. Utafiti unaohusu wagonjwa unadai kibali cha kamati ya maadili, taratibu zake ni ndefu, na muhula hausubiri. Zaidi ya hapo, mgonjwa si kielelezo cha kuthibitishia riwaya.

La mwisho ni la geto. Msimsome Plath na Head kwa mfululizo, usiku, peke yenu, katika juma ambalo hela imekata na nyumbani hawapokei simu. Changanyeni na kazi nyingine, someni mchana, mkiwa wawili ikiwezekana. Ukiona usingizi umepotea hata baada ya kukifunga kitabu, mwambie msimamizi ubadilishe ratiba ya kusoma, na hiyo Bugando niliyokukataza kwenda kama mtafiti, idara yao ya magonjwa ya akili inampokea yeyote anayehitaji kuonana na daktari.